Chimbuko la Kigugu

Ukiwauliza wenye kujua, watakwambia kigugu ni muziki wa roki uliochanganywa na mambo mawili ambayo roki haikuwa nayo: nyundo inayogongwa juu ya bati, na maneno yanayokatwakatwa kabla hayajafika mwisho. Hapo hawajakosea. Tabu ni kwamba wenye kujua hawaishii hapo. Watakukalisha kitako wakueleze na dhamira zake. Kuna msomi mmoja aliandika kurasa mia mbili kuthibitisha kwamba yule "ma-ma-ma" anayesikika katika wimbo wa kwanza si mama mzazi hata kidogo, bali ni nchi inayotaka kujitaja jina ikashindwa. Mwingine akampinga, akasema ni kilio cha tabaka lililonyimwa neno. Walitukanana kistaarabu kwenye makongamano, wakapeana mikono, wakapiga picha.

Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza mwenye ulimi wake. Na hata wangekwenda, sidhani kama wangekuwa na subira, maana huyo mwenye ulimi alikuwa na kigugumizi cha kukutia jasho wewe unayesikiliza. Akitaka kukusalimia, chai yako inapoa.

Watu walimwita Fundi. Alikuwa mfua bati, na alibaki mfua bati hata baada ya umaarufu. Kibanda chake kilikuwa kwenye safu ya wafua bati nyuma ya soko, na humo alikata, akakunja na kulehemu masanduku ya wanafunzi, mifereji ya maji ya mvua, karai, mikebe ya kumwagilia maua. Vidole vyake vilijaa makovu membamba ya bati, mapya juu ya ya zamani. Jukwaani alisimama nyuma kabisa, kando ya ngoma, akigonga karatasi ya bati iliyoning'inizwa kwa minyororo. Mashabiki walimpenda sana. Walimpenda hasa kwa sababu hasemi, kwa hiyo kila mtu alimwekea kinywani maneno anayoyataka.

Msemaji wa bendi alikuwa kaka yake. Kaka huyo alijulikana kwa jina la Radi, na jina hilo alijipa mwenyewe, jambo linalokueleza nusu ya tabia yake. Gitaa alilijua, tusimwonee. Lakini mdomo aliujua zaidi. Tena alikuwa na mazoea ya kummalizia mdogo wake sentensi, na kwa kawaida alimmalizia vibaya. Fundi akianza kusema "nna-nna-nna," akimaanisha nna njaa, kaka mtu anadakia, "Una usingizi? Nenda kalale." Mara nyingi Fundi alikwenda akalala na njaa yake, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kubishana.

Kigugu kilipotimiza miaka kumi, redio moja kubwa iliwaalika kwa kipindi maalumu, moja kwa moja hewani, Jumamosi saa nne asubuhi. Kipindi kilipewa jina refu, lakini kifupi chake kilikuwa hiki: kigugu kimetoka wapi na kinasema nini. Kwenye korido, mbele ya mlango mzito wa studio, Radi alimshika mdogo wake begani.

"Mdogo wangu, leo wewe gonga bati tu. Maneno niachie mimi."

"Ka-ka-kaka, mi-mi ni—"

"Najua, una wasiwasi. Usijali."

Fundi hakuwa na wasiwasi. Alitaka kusema kwamba ameisahau nyundo yake ndogo nyumbani na atagonga kwa kubwa. Akaacha, akaingia.

Ndani kulikuwa na meza ya duara yenye maikrofoni nne, kuta zilizofunikwa sponji, na kioo kipana. Nyuma ya kioo aliketi mtu wa mitambo, bwana mnene mwenye vipokea sauti shingoni. Mtangazaji alikuwa dada mchangamfu, mwenye sauti ya asali na saa mbili mkononi, moja ya kipindi na moja ya matangazo. Na kwenye kiti cha nne alikaa mtu ambaye ndugu hao hawakuwa wamemwona kwa takriban miaka kumi: mpiga besi wa kwanza wa bendi. Aliacha muziki wiki mbili baada ya mazishi ya mama yao, akahamia mji mwingine, na siku hizi alikuwa anauza miwani. Redio ndiyo iliyomtafuta, kama zawadi ya kuwashtukiza. Radi alipomwona alicheka kwa sauti kubwa mno, akamkumbatia, akamuuliza mara tatu amekuja lini.

Sasa ngoja nikueleze kuhusu mama, maana bila yeye kigugu hakipo, na mimi sina haja ya kurasa mia mbili.

Mama yao alikuwa na pumu. Aliishi na Fundi kwenye chumba cha nyuma ya kibanda, na siku moja, miaka kumi nyuma, baada ya chakula cha mchana, ilimkamata kuliko siku zote. Kichupa cha dawa ya kuvuta kilikuwa kimekwisha. Fundi alitoka mbio hadi barabarani, akasimamisha teksi. Akajaribu kusema. Dereva alimtazama akipigana na midomo yake, mishipa ya shingo imemtoka, akadhani ni mlevi, akacheka, akapandisha kioo, akaondoka. Ya pili haikusimama kabisa.

Akampigia kaka yake, kwa sababu kaka alikuwa na gari la bendi, lile la kubebea vyombo, na ukumbi wao wa mazoezi ulikuwa mwendo wa dakika kumi kwa gari. Kaka hakupokea. Kaka alikuwa hapokei simu za mdogo wake siku yoyote ile, alishamwambia, "Niachie ujumbe wa sauti, nitausikiliza nikipata nafasi." Basi Fundi akaacha ujumbe, amesimama kati ya vibanda viwili, huku jirani yake akigonga mlango wa bati wa mteja. Alikusudia kusema, "Mama anashindwa kupumua, lete gari." Ilimchukua dakika moja na nusu. Ilikuwa saa nane na nusu, na dakika moja juu.

Akarudi barabarani kusubiri. Alikuwa na hakika kabisa, kwa kuwa kaka yake alikuwa na mapungufu mengi lakini alimpenda mama. Alisubiri nusu saa nzima, akitazama upande gari litakakotokea, anakimbia kumwangalia mama, anarudi. Mwishowe jirani alitupa nyundo, wakaleta mkokoteni wa kubebea mabati, wakatandika maboksi, wakamlaza mama juu yake, wakausukuma mpaka hospitali wakiwa roho mkononi. Mama alifariki njiani. Daktari aliyewapokea alikuwa msichana mdogo, amechoka, hana ubaya na mtu. Akasema, "Mngefika hata nusu saa kabla." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Msibani shangazi yao alisema mbele ya watu wote. Shangazi huyu ndiye aliyewalea pamoja na mama tangu baba yao afariki, Fundi akiwa kijana wa miaka kumi na minne, na alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja. Alimtazama Fundi, akasema, "Ulimi wako ndio uliomuua mama yako." Watu wakainama. Radi akainuka, akamkumbatia mdogo wake, akasema kwa machozi, "Mwacheni jamani. Si kosa lake. Ndivyo alivyoumbwa." Kila mtu alimsifu Radi kwa moyo wake mwema. Na Radi akaeleza: umeme ulikatika, simu ikazima chaji, alipoichaji kwa watu na kuiwasha saa moja jioni ndipo akakuta ujumbe, na mama alishafariki.

Tangu siku hiyo Shangazi hakumsemesha tena Fundi. Akija nyumbani anasalimia mmoja mmoja, akimfikia Fundi anamruka, anaendelea na wa pili. Miaka kumi. Fundi hakulalamika. Aliamini kwamba Shangazi ana haki, na aliamini hivyo kila asubuhi alipoamka na kila jioni alipofunga kibanda. Mtu mwenye ulimi wa kawaida angesema maneno matano kwa dereva wa teksi, na mama angekuwa hai. Hesabu hiyo aliifanya mpaka ikamchubua.

Mwezi mmoja baada ya arobaini, Radi alimletea wimbo kibandani. Ulianza na sekunde kumi na mbili za ule ujumbe, "ma-ma-ma-mama a-a-a," na nyundo ya jirani nyuma yake, kisha gitaa likaingia kwa kishindo. "Nimefanya kwa ajili ya mama," Radi alisema. "Ili sauti yako ya uchungu isipotee bure." Fundi aliusikiliza akiwa ameshika mkasi wa bati. Alitaka kusema hapana. Lakini aliyemuua mama yake ana mdomo gani wa kukataza jina lake lisiimbwe? Akatikisa kichwa kukubali.

Wimbo ulishika moto kuliko walivyotarajia. Watu walicheza, wakaruka, wakaitikia kwa pamoja "Ma! Ma! Ma!" mpaka kuta zikatetema. Bendi nyingine zikaiga. Kila mji ukawa na vijana wenye gitaa, kipande cha bati na mtu wa kujifanya anashindwa kusema. Waliotaka kuwa wakali zaidi walikwenda kwa wafua bati kujifunza kugonga. Fundi aliwafundisha wengine yeye mwenyewe, kwa mikono.

Kuna jambo moja mashabiki hawakulijua, na mpaka leo wengi hawalijui. Fundi akiimba, kigugumizi kinakwisha. Kinakwisha kabisa, neno linateleza lote kama mafuta. Mama ndiye aliyeligundua alipokuwa mtoto. Alikuwa anamtuma dukani na kumwambia akaimbe alichotumwa. Mtoto akafika dukani akaimba sukari, akaimba sabuni, akarudi navyo. Alipofika miaka kumi na miwili wenzake wakaanza kumwigiza njiani, wakavunjika mbavu kwa kicheko, naye akaapa hataimba tena mbele za watu. Alitimiza kiapo mpaka mwaka wa tatu wa kigugu. Siku moja, wakijaribu mitambo ukumbini kabla watu hawajaingia, alijisahau, akaimba ubeti mzima kwenye maikrofoni. Wafunga nyaya walipiga makofi. Radi akamvuta pembeni.

"Usirudie tena."

"Kwa-kwa—"

"Kwa sababu watu wanalipa kuja kumsikia mtu anayeshindwa. Ukiweza, kigugu kimekufa. Unanielewa?"

Alielewa. Kwa hiyo dhamira ya kigugu, kama kuna msomi anayeitaka, ndiyo hiyo.

Turudi studio. Radi alikuwa ameshashika usukani. Alieleza utoto wao, gitaa lake la kwanza, namna alivyokesha akiwaza jinsi ya kuipa roki ulimi wa kwao. Alitia chumvi hapa na pale, akamaliza mfuko mzima. Mtangazaji aliguna mahali pa kuguna. Fundi aligonga bati alipoonyeshwa kidole.

"Na sasa twende kwenye chimbuko lenyewe," mtangazaji akasema. "Ule wimbo. Sauti ile ni ya Fundi, akimlilia mama. Uliipataje, Radi?"

Radi akashusha sauti, kama alivyozoea akifika hapo. "Ilikuwa baada ya msiba. Siku nyingi zimepita, siwezi kulala. Nikafungua simu, nikausikiliza tena ule ujumbe. Nikaingia ukumbini peke yangu, usiku, na maumivu yangu."

"Hapana bwana!" Mpiga besi alicheka. Alikuwa amekaa kimya muda mrefu, kama mtu aliyekuja na hadithi mfukoni na anaogopa kipindi kitaisha hajaitoa. "Umri huo, kaka. Unasahau. Haikuwa usiku na hukuwa peke yako. Mimi nilikuwepo!"

"Tulirekodi mara nyingi," Radi akasema haraka. "Unachanganya."

"Sichanganyi hata kidogo. Nakumbuka kwa sababu ya umeme. Mnakumbuka mwaka ule mgao? Upande wetu walikuwa wanakata saa kumi kamili, mpaka asubuhi. Tulikuwa katikati ya mazoezi, simu yako ikalia, hukupokea. Baadaye kidogo ukaweka ujumbe kwenye spika. Tukasikia 'ma-ma-ma', na nyundo nyuma, ko, ko, ko, imeingia kwenye mdundo palepale! Mpiga ngoma akaanza kufuatisha. Wewe ukaruka juu. Ukasema, usiguse, usiguse, chomeka simu kwenye mikisa, turekodi. Mimi ndiye niliyechomeka. Tukaikata sekunde kumi na mbili, tukawa tunakimbizana na saa, maana zilibaki kama dakika sabini umeme uondoke."

"Inapendeza!" mtangazaji akasema. "Na ujumbe wote ulikuwa unasemaje?"

"Hatukuusikiliza wote. Nilimuuliza Radi, huyu mdogo wako anataka nini, akasema..." Mpiga besi akacheka tena, "akasema, anataka nimletee misumari, akimaliza kusema mama tutakuwa tumeshazeeka. Tulicheka siku ile! Halafu tumefunga vyombo, jioni, ndiyo taarifa ya msiba ikaja. Siku ileile. Kwa hiyo siwezi kusahau."

Alipofika hapo kasi ikampungua. Alimtazama Fundi. Akatazama meza. Ungeuona uso wake ungejua kwamba kitu kilikuwa kimeanza kujipanga kichwani mwake, miaka kumi baadaye, moja kwa moja hewani. Alivua miwani, akaishika tu.

Fundi naye alikuwa anapanga. Umeme ulikuwepo mpaka saa kumi. Dakika sabini kabla ya saa kumi ni saa tisa kasoro dakika kumi. Saa tisa kasoro dakika kumi yeye alikuwa barabarani, amesimama juani, akitazama upande gari litakakotokea. Simu haikuzima chaji. Ujumbe ulifika. Ulifika, ukawekwa kwenye spika, ukasikilizwa na watu wazima watatu, ukaonekana mtamu, ukakatwa. Mahali ulipokatwa ni kabla ya neno "anashindwa." Mama alikuwa hai, anavuta pumzi kwa mabega, na wao walikuwa wanatafuta noti ya gitaa inayolingana na nyundo.

Kwa hiyo si ulimi wake. Hilo ndilo lililomjia kwanza, kabla ya hasira, na lilimjia kwa nguvu kiasi kwamba aliona raha, raha kabisa, akaionea haya palepale. Miaka kumi. Si ulimi wangu. Ulimi wangu ulifika.

Akasogeza maikrofoni.

"U-u-u-u..."

Mtangazaji alitoa macho kwa furaha. "Wasikilizaji, Fundi anataka kusema! Hii haijawahi kutokea!"

"U-u-uli-li-li..."

Radi alikuwa amekauka. Sekunde mbili tatu alimtazama mdogo wake, na Fundi aliona hofu machoni mwake, hofu ya kweli. Halafu ikaondoka. Radi aligeukia kioo, akazungusha kidole hewani, ile ishara ambayo kila mtu wa mitambo anaijua. Bwana mnene akatabasamu, akasukuma kitufe. Ngoma na gitaa vikaingia chini ya sauti ya Fundi, vimeketi sawasawa.

"U-li-li-li-si-si-si..."

"Kigugu chenyewe hicho!" Radi akapaza sauti. "Moja kwa moja! Mpeni makofi!"

Mtangazaji alipiga makofi. Mpiga besi hakupiga. Kadiri Fundi alivyojitahidi ndivyo neno lilivyovunjika, na kadiri lilivyovunjika ndivyo lilivyopendeza. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi. Hasira yake yote, miaka yake yote, ilikuwa inageuka kuwa wimbo wa kuruka nao, na aliyekuwa anaupanga ni yuleyule.

Akanyamaza. Akapiga moyo konde. Akafumba macho, akaimba.

Aliimba polepole, sauti ya chini, haikufuata ngoma wala gitaa, mpaka mtu wa mitambo mwenyewe akavizima. *Ulisikia, kaka, ulisikia. Kabla ya saa tisa ulisikia. Mama anashindwa kupumua, lete gari, ndivyo nilivyosema. Mkakata kabla sijamaliza, mkacheka. Nami nilisimama barabarani, nusu saa, nikikungoja.* Kila neno lilitoka zima. Hakuna lililokwama.

 Radi aliinamisha kichwa. Mtangazaji hakujua kama huo ni wimbo mpya au ni kitu gani, na mtangazaji asiyejua kitu hukimbilia simu. "Laini zimejaa," akasema kwa sauti nyembamba. "Tuna msikilizaji wa kwanza. Hujambo, uko hewani."

"Mimi ni shangazi yao," simu ikasema.

Fundi alifumbua macho. Sauti hiyo ilikuwa haijamwelekea kwa miaka kumi. Amesikia, akajisemea. Amesikia mwenyewe, kutoka kwa mpiga besi na kutoka kwangu. Sasa ataniita mwanangu.

"Radi," Shangazi akasema, "nimeyasikia. Wewe na mimi tutaonana nyumbani, na usilete gitaa." Kisha akapenga kamasi. Alikuwa analia, ilisikika. "Nataka kumpa pole niliyemwonea. Namtaka mdogo wako. Mwanangu."

"Sha-sha-shangazi," Fundi akasema.

"Nimekusikia ukiimba. Maneno yote yalinyooka. Ni leo tu, au?"

Fundi alifungua mdomo, lakini kaka yake alikuwa na mazoea ya kummalizia sentensi. Radi aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na uso wake mkavu.

"Si leo tu, Shangazi," Radi akasema taratibu. "Tangu mtoto. Akiimba hana shida yoyote. Mama ndiye aliyemfundisha. Alikuwa anamtuma dukani akaimbe."

"Tangu mtoto?"

"Tangu mtoto. Muulize mwenyewe."

Mtangazaji akatazama saa ya matangazo. Shangazi aliposema tena, sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa jambo lililomshinda.

"Sasa, mwanangu," akasema, "yule dereva wa teksi siku ile. Kwa nini hukumwimbia?"

Fundi aliona barabara ile, jua lile, kioo cha gari kikiwa bado wazi na dereva akimtazama. Kuimba alikujua. Kulimjia, tena kulimjia wazi, na aliona aibu, mtu mzima kuimba barabarani, watu wanapita. Alichagua kusema. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, na hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa kuwa, ukimtoa Radi, hakuna aliyejua kwamba kuna la kuuliza.

Alijaribu kulijibu kwa kusema, halikutoka. Akajaribu kuimba, halikutoka pia.

Shangazi alisubiri kadiri alivyoweza, kisha akakata simu.